Kifaa kikigoma kazini, picha zikipotea: maswali ambayo wapiga picha huuliza mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wapiga picha wanapokutana, na karibu yote huulizwa na mtu ambaye tayari yamemkuta au anaogopa yatamkuta kesho. Yanahusu kazi uliyopangiwa au kulipwa, ambapo tukio halirudiwi: harusi, mazishi, mechi, mkutano, habari. Tumeanza na mambo ya msingi, tukamalizia na yale yanayotokea kwa nadra. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Picha hupotea wapi hasa: ndani ya kamera au baada ya kazi?

Mara nyingi zaidi baada ya kazi. Kamera za siku hizi ni imara, na memori kadi nzuri haifi ovyo. Hatari kubwa iko katika zile saa kati ya picha ya mwisho na nakala ya pili. Mpiga picha amechoka, usiku umeingia, kadi tatu zinazofanana ziko mezani, moja imeshanakiliwa na mbili bado. Hapo ndipo kadi isiyonakiliwa inaporudishwa kwenye kamera na kufomatiwa, au begi linaposahaulika kwenye gari.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, pitia kazi yako yote kuanzia unapochaji betri hadi unapomkabidhi mteja picha, utafute ni wapi kitu kimoja kimebeba mzigo wote. Kamera moja. Kadi moja. Chaja moja. Laptopu moja. Kumbukumbu ya mtu mmoja mwenye usingizi. Kila sehemu ya namna hiyo ndiyo itakayokuangusha, na majibu mengi hapa chini ni njia za kuipa msaidizi.

Ni lazima niwe na kamera mbili?

Kwa tukio lisilorudiwa, ndiyo. Kamera ya akiba si lazima iwe ghali wala mpya. Muhimu ni itumie lenzi zilezile, betri zilezile na kadi zilezile na ile ya kwanza, ili moja ikizima usilazimike kuhamia mfumo mwingine mzima. Kama huna, azima au kodi, ila uipate angalau siku moja kabla ili uijaribu na mikono yako ivizoee vitufe vyake.

Akiba iliyolala ndani ya gari nje ya ukumbi si akiba. Iwe na betri iliyojaa, kadi iliyofomatiwa na lenzi tayari, na uweze kuifikia kabla bibi harusi hajamaliza kutembea kuelekea mbele. Wengi wetu tunazibeba zote mbili begani, moja ikiwa na lenzi pana na nyingine lenzi ndefu. Hilo lina faida nyingine: hubadilishi lenzi kila mara, na vumbi halipati nafasi ya kuingia.

Fedha hazitoshi. Nianze na kipi?

Anza na vitu vidogo, kwa sababu ndivyo vinavyosimamisha kazi mara nyingi: betri ya ziada, kadi za ziada, chaja ya pili, kisoma kadi cha pili na waya wake. Baada ya hapo kamera ya pili, hata ya mtumba. Kisha lenzi moja ya kawaida ya kukuokoa ile kuu ikianguka. Lenzi ya mm 50 isiyovuta ni nyepesi, inapokea mwanga mwingi, na unaweza kuimaliza nayo kazi nzima ukilazimika.

## Kabla ya kutoka nyumbani

Nikague nini usiku wa kuamkia kazi?

Chaji kila kitu, weka kadi, washa kamera, kisha piga picha chache za kweli na uzivute kwenye kioo uone kama fokasi imekaa. Usiridhike kwa kuwa kamera imewaka. Fanya hivyo kwa kila kamera, kila lenzi na kila flashi utakayobeba.

Kinachoponza wengi si kitu kilichovunjika, ni mpangilio uliobaki kutoka kazi iliyopita. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 12,800 ya ukumbini jana usiku unaingia nayo kwenye jua la saa sita mchana. Fidia ya mwanga imebaki −2, yaani kila picha itoke na giza. Ubora wa faili umebaki JPEG ndogo kwa sababu juzi ulikuwa unatuma picha kwa haraka. Kiswichi cha pembeni mwa lenzi kimebaki kwenye fokasi ya mkono. Hakuna kati ya hivyo kitakachokuletea onyo lolote. Kamera itapiga tu kwa utii, wewe ugundue baadaye.

Kamera nyingi zina nafasi za kuhifadhi mipangilio, mara nyingi zimeandikwa C1, C2 au U1, U2. Hifadhi humo mwanzo wako wa kawaida: RAW (faili ghafi la picha), kadi zote mbili, ISO ya wastani, fidia sifuri. Kila kazi ianzie hapo.

Kamera yangu inapiga hata ikiwa haina kadi. Imeharibika?

Haijaharibika, lakini hilo ni jambo la kurekebisha leo hii. Kamera nyingi zina mpangilio kwenye menyu unaoruhusu shata (pazia linalofunguka picha inapopigwa) kufanya kazi bila kadi, uliowekwa kwa ajili ya maduka na maonyesho. Ukiwa umewashwa, utasikia shata ikilia, utaona picha ikitokea kwenye kioo kwa sekunde chache, pengine na maandishi madogo pembeni ya kusema ni ya maonyesho tu. Ukiwa umezama kwenye kazi, maandishi hayo huyaoni. Unapiga sherehe nzima, na hakuna kinachohifadhiwa popote.

Tafuta kwenye menyu palipoandikwa kuhusu kupiga bila kadi, uzime. Kisha hakikisha kwa kitendo: toa kadi, bonyeza kitufe. Kamera ikikataa, uko salama. Rudia jaribio hili kwa kila kamera ya kukodi au kuazima, na pia baada ya kurudisha mipangilio ya kiwandani.

Programu mpya ya kamera imetoka jana, na kazi ni kesho. Niiweke?

Hapana. Subiri kazi ipite, uiweke ukiwa na betri iliyojaa na siku kadhaa za kuijaribu. Ushauri huohuo ni kwa kompyuta na programu ya kuhariri.

Betri ngapi zinatosha?

Chukua idadi unayotumia kwa kazi ndefu kabisa, uongeze moja kwa kila kamera. Kamera zenye kitazamio cha kielektroniki hula betri haraka kuliko zile za zamani zenye kioo cha ndani, kwa hiyo hesabu uliyozoea kwenye kamera ya zamani haitakufaa kwenye mpya.

Ziandike namba betri zako. Baada ya muda utaona kwamba namba 3 ndiyo inayoisha mapema kila mara, na utaitoa kwenye mzunguko wa kazi kabla haijakuaibisha. Betri iliyovimba, hata kidogo, usiichaji tena wala usiilazimishe kuingia. Zipo zilizonasa ndani ya kamera zikahitaji fundi. Kwenye baridi kali betri ya lithiamu huonekana kuisha ghafla. Ipashe moto kwenye mfuko wa ndani wa nguo, na sehemu kubwa ya chaji hurudi.

## Memori kadi

Kadi moja kubwa au ndogo kadhaa?

Wenye kadi moja kubwa husema hawana cha kubadilisha, hivyo hawana cha kupoteza. Wenye kadi ndogo husema ikifa moja, zingine zimebaki. Kila upande una hoja yake, lakini ukweli ni kwamba kamera yako ikiwa na sloti (nafasi za kuweka kadi) mbili mjadala huu unapungua uzito: weka kadi kubwa mbili na zote ziandike kitu kilekile.

Kama sloti ni moja, gawa kazi. Usiache hafla nzima ikae kwenye kadi moja hata kama ina nafasi. Faili la RAW la kamera ya megapikseli 45 linaweza kufika MB 50, kwa hiyo kadi ya GB 64 hubeba kama picha 1,200. Kwa wengi hiyo ni sehemu nzuri ya siku. Badilisha kadi kwenye mapumziko ya kawaida ya tukio, mfano baada ya ibada na kabla ya karamu, siyo pale inapojaa yenyewe. Kadi huwa na tabia ya kujaa wakati mgeni rasmi anapokata utepe.

Sloti mbili nizitumieje?

Kamera hukupa chaguo tatu: kadi ya pili ipokee kilichozidi ya kwanza ikijaa, zote mbili ziandike nakala ileile, au moja ichukue RAW na nyingine JPEG. Kwa kazi ya kulipwa chagua nakala pacha. Zingatia kwamba kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye lile chaguo la kwanza, na wapo watu waliodhani miaka yote wana nakala mbili kumbe wana moja tu iliyorefushwa.

RAW upande mmoja na JPEG kubwa upande wa pili inakubalika kama sloti ya pili ni ya polepole. Kadi ya RAW ikifa, JPEG nzuri bado itamridhisha mteja. Kumbuka tu kwamba kasi ya kamera huamuliwa na kadi iliyo ya polepole kati ya hizo mbili.

Nifute picha au nifomati kadi?

Fomati, na ufanye hivyo ndani ya kamera itakayoitumia. Kufomati hujenga upya mpangilio wa folda jinsi kamera hiyo inavyoutaka. Kadi iliyofutwa picha mojamoja, ikahamishwa kutoka kamera ya kampuni moja kwenda ya nyingine, ikachomekwa kwenye laptopu iliyoacha mafaili yake ya siri humo, ndiyo inayoleta makosa yasiyoeleweka.

Lini ufomati ni muhimu kuliko namna ya kufomati: tazama swali la lini kadi iko huru, chini.

Naweza kufuta picha mbaya wakati nasubiri?

Usifute. Vitufe viko karibu, kioo ni kidogo, akili iko kwenye tukio. Picha kumi mbaya hazichukui nafasi ya maana, na kidole kikikosea unaweza kufuta ile ambayo hutaipata tena. Kama nafasi imekuishia kiasi cha kulazimika kufuta, tatizo ni idadi ya kadi ulizobeba.

Nitajuaje kadi ni halisi na ina kasi ya kutosha?

Kadi bandia hujitambulisha kwa kompyuta kuwa na ukubwa isionao. Inapokea picha vizuri hadi inapofika kikomo chake cha kweli, kisha inaandika juu ya zile za mwanzo au inaandika hewa. Ijaribu kadi mpya kabla ya kuipeleka kazini. Programu za bure H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac huijaza kadi yote kisha kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Inachukua muda. Iache usiku kucha.

Kuhusu kasi, namba kubwa iliyo mbele ya kadi mara nyingi ni ya kusoma, wakati wewe unahitaji ya kuandika. Tafuta alama ya V: V30 inaahidi kuandika si chini ya MB 30 kwa sekunde mfululizo, V60 ni MB 60, V90 ni MB 90. Kadi ya polepole haipotezi picha yenyewe, lakini bafa ya kamera (hifadhi yake ya muda ya ndani) hujaa na kamera hukataa kupiga katika dakika unayoihitaji.

Taa nyekundu inawaka, naweza kutoa kadi?

Hapana, wala betri usitoe. Taa hiyo ina maana kwamba kamera bado inahamisha picha kutoka kwenye bafa kwenda kwenye kadi. Baada ya mfululizo mrefu inaweza kuendelea kwa sekunde nyingi. Ukichomoa katikati, unapoteza zaidi ya picha ile ya mwisho: unaweza kuvuruga orodha ya mafaili ya kadi nzima. Zima kamera, subiri taa ife, ndipo ufungue mlango.

Nitofautishe vipi kadi tupu na iliyojaa?

Kwa utaratibu usiohitaji kufikiri. Kadi tupu zikae kwenye pochi yake zikitazama juu, zilizopigwa zikitazama chini, na pochi hiyo ikae mwilini mwako, kwenye mfuko wenye zipu. Kadi za SD zina kifungio kidogo pembeni. Kisukume kwenye kufunga mara tu kadi inapotoka kwenye kamera. Mtu akiirudisha kwa makosa, kamera itaikataa. Zipe kadi namba, na anayekusaidia afuate mfumo huohuo, kwa sababu mfumo ambao ni wewe tu unaujua huvunjika siku unapompa mwingine begi.

## Tukio likiendelea

Kamera imetoa ujumbe wa kosa katikati ya tukio. Nifanyeje?

Chukua kamera ya pili, endelea kupiga. Uchunguzi ufanyike tukio likitulia.

Ukipata nafasi, zima, toa betri, subiri kidogo, irudishe. Ikiendelea, badilisha lenzi: makosa mengi yanayotajwa kuwa ya kamera ni ya mawasiliano kati yake na lenzi, na kufuta vile vidoa vya chuma pale zinapoungana kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi hutosha. Kisha jaribu kadi nyingine. Kadi yenye mashaka usiiendeleze wala usiifomati. Itoe, ifunge, iweke peke yake. Yaliyomo yanaweza kuwa mazima kabisa.

Shata ikikwama au kutoa sauti ya kukwaruza, usiipige kwa vidole wala kuilazimisha. Shata za mitambo hutengenezwa kwa idadi fulani ya mapigo, kuanzia kama 100,000 kwa kamera za kawaida hadi 400,000 au zaidi kwa zile za kazi nzito. Si kwamba ikifika hapo itakufa. Zingine huzidi sana, zingine hufa mapema. Ila ukijua yako imeshakaribia, hiyo iwe kamera ya akiba.

Flashi imeacha kuwaka.

Mara nyingi imepata joto na kujizuia yenyewe. Ipumzishe, punguza nguvu, ongeza ISO. Flashi zinazotumia betri ndogo za AA hufanya vizuri zaidi na zile za kuchajika za NiMH zilizochajiwa pamoja. Moja dhaifu huzichelewesha zote nne. Usisahau betri za kitoa ishara kinachoiwasha flashi kwa mbali, ambazo hakuna anayezikumbuka hadi zife.

Mvua ikininyeshea? Kamera yangu imeandikwa inahimili hali ya hewa.

Kuhimili hali ya hewa hakuna maana ya kuingia majini, na hulindwi kama lenzi yako haina mpira wa kuzuia maji pale inapoungana na kamera. Beba mfuko wa plastiki na mpira wa kufungia (raba bendi): toboa tundu la lenzi, funga kwa mpira huo. Futa matone kwa kitambaa kikavu bila kuyasukumia kwenye vitufe. Lenzi inayorefuka unapovuta, ifute kabla ya kuirudisha ndani, isije ikavuta maji.

Usibadilishe lenzi mvuani wala vumbini. Ikibidi, geuza mgongo upande wa upepo, zima kamera, elekeza mdomo wake chini.

Lenzi inajaa ukungu nikitoka sehemu ya baridi kwenda ya joto.

Ni mvuke wa hewani unaogeuka matone ya maji juu ya kioo cha baridi. Nje ya lenzi ni usumbufu. Ndani ya kamera ni hatari. Kabla ya kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki au begi lililobana, uiache humo ipate joto polepole, nusu saa au zaidi. Ukiwa na tukio linaloanza ndani na kuishia nje, toa kamera moja mapema ikakusubiri.

Unyevu unaokaa muda mrefu huleta kuvu ndani ya lenzi. Hifadhi vifaa pakavu pamoja na silika jeli, na usiziache lenzi kwa miezi ndani ya mikoba ya ngozi iliyofungwa.

Taa za leza jukwaani zinaweza kuharibu kamera?

Ndiyo. Mwale wa leza ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuunguza sensa (sehemu ya kamera inayonasa picha) papo hapo ukaacha mistari au madoa ya kudumu. Kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, sensa huwa wazi muda wote kamera inapowaka. Leza zikielekezwa kwenye umati, sogea pembeni au elekeza kamera chini. Jua nalo usiliache likipiga ndani ya lenzi ndefu kamera ikiwa imesimama kwenye tripodi.

## Baada ya tukio

Ninakili picha lini?

Kabla ya kulala, hata kama umechoka. Nakala ya kwanza si ya kuhariri, ni ya kuokoa. Chomeka kadi, nakili kila kitu, acha mambo ya kuchagua hadi kesho. Nakili, usihamishe: amri ya kukata na kubandika hufuta chanzo, na waya ukichomoka katikati hujui kipi kiko wapi.

Ukisafiri kurudi, kadi na diski visikae begi moja. Kadi mwilini, diski kwenye begi. Kama una nakala pacha kutoka sloti mbili, mpe msaidizi seti moja mwende kila mtu na njia yake.

Nakala ngapi zinatosha?

Kanuni inayotumika sana ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh wa Marekani: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine. Maana ya "mahali pengine" isichukuliwe juujuu. Diski mbili zilizo juu ya meza moja huibwa na mwizi mmoja na huungua kwa moto mmoja.

Hifadhi ya mtandaoni ni nakala nzuri ya tatu, ikiwa intaneti yako inaweza kuzipandisha kwa siku chache. Tofautisha tu kuhifadhi na kusawazisha: huduma inayosawazisha folda hufuta kule pia ukifuta huku.

Nitahakikishaje nakala ni kamili?

Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake wote, kisha fungua picha za mwanzo, za katikati na za mwisho kwa ukubwa kamili. Zile picha ndogo za orodha hazithibitishi kitu; mara nyingi zimehifadhiwa ndani ya faili peke yake, na huonekana vizuri hata kama faili lenyewe limekatika.

Njia bora ni programu inayokagua kila faili baada ya kulinakili, mfano TeraCopy kwa Windows. Photo Mechanic nayo huweza kupeleka picha kwenye diski mbili kwa mpigo mmoja, na hilo huondoa hatua moja ambayo mchovu huiruka.

Lini kadi iko huru kufomatiwa?

Nakala zikiwa angalau mbili nje ya kadi, zimekaguliwa kama ilivyoelezwa hapo juu, na moja haiko nyumba moja na nyingine. Mimi naongeza sharti lingine: mteja awe ameshapokea kazi. Kadi ni nakala ya bure ambayo tayari unayo; kuiharakisha kuifuta ni kutupa bima.

## Mambo yakishaharibika

Nimefomati kadi yenye picha. Zimekwenda?

Pengine hazijakwenda. Kufomati kwa kawaida hufuta orodha tu, picha zenyewe hubaki hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwa hiyo acha kupiga sasa hivi. Toa kadi, funga kifungio chake. Kila picha mpya inafunika za zamani, na kilichofunikwa hakirudi.

Kisha tumia programu ya kuokoa kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, na hifadhi zinazopatikana kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. PhotoRec hairudishi majina ya mafaili, hivyo utapanga upya kwa muda wa kupigwa. Video huokoka kwa shida zaidi kuliko picha kwa sababu vipande vyake vinaweza kutawanyika. Ukiwa umechagua ufomati wa kina unaotolewa na baadhi ya kamera, matumaini ni madogo. Na kama ulifuta kutoka diski ya SSD ya ndani ya laptopu, ni madogo zaidi, kwani mfumo husafisha nafasi hizo wenyewe.

Kompyuta inasema lazima nifomati kadi ndipo niitumie.

Kataa. Kataa pia ikijitolea kuitengeneza. Jaribu kisoma kadi kingine, waya mwingine, kompyuta nyingine, au chomeka kamera yenyewe. Mara nyingi kosa liko kwenye kisoma kadi. Ikishindikana kote, fuata jibu lililotangulia. Kadi isiyoonekana kabisa, au yenye picha zisizo na mbadala, ipeleke kwa wataalamu wa kuokoa data kabla hujaijaribu sana.

Kamera imeanguka majini.

Usiiwashe kuona kama inafanya kazi. Toa betri mara moja, toa kadi, toa lenzi, kausha nje. Mchele hauna msaada na huingiza vumbi. Kama ni maji ya chumvi, ifikishe kwa fundi haraka iwezekanavyo, maana chumvi hula ndani hata baada ya maji kukauka. Kadi yenyewe kwa kawaida hupona: ikaushe kabisa kabla ya kuisoma.

Picha zimepotea kweli. Nimwambie nini mteja?

Mwambie ukweli, mapema, kwa sauti yako, ukiwa tayari unajua kilichobaki. Kabla ya kupiga simu kusanya kila kinachoweza kusaidia: JPEG za kadi ya pili, picha za msaidizi, zile ulizotuma siku ileile kwa simu, picha za wageni. Mpe fidia bila kusubiri aidai. Mkataba unapaswa kuwa umeshaeleza kiwango cha kurudisha fedha. Andika kipengele hicho sasa, wakati hakuna aliyekasirika.

## Yanayotokea kwa nadra

Picha za kamera mbili zina majina yanayofanana, moja imefunika nyingine.

Kamera nyingi hutumia tarakimu nne, kuanzia 0001 hadi 9999, kisha huanza upya. Mbili za aina moja zitakutana. Badilisha herufi za mwanzo za jina kwenye menyu ya kila kamera, na nakili kila kadi kwenye folda yake. Kompyuta ikiuliza kama ifunike faili lililopo, jibu ni hapana, kisha uangalie kwa nini imeuliza.

Kuna pia tukio la ajabu: folda ikifika namba 999 na picha 9999, kamera nyingi hugoma kupiga ingawa kadi ni tupu. Fomati kadi nyingine, uiweke upya hesabu ya namba kwenye menyu.

Picha za kamera zote mbili zimechanganyika, hazifuatani.

Saa za kamera hazilingani. Ziweke sawa kabla ya kazi, au piga picha saa ya simu kwa kila kamera mwanzoni ili upate tofauti ya kurekebisha. Kamera iliyokaa muda mrefu bila betri hupoteza saa yake kabisa.

Nasafiri kwa ndege. Betri zikae wapi?

Za akiba zote, pamoja na pawabenki, zikae kwenye mkoba wa mkononi, vidoa vyake vimefunikwa. Hadi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) kwa kawaida hakuna haja ya idhini. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, tena si zaidi ya mbili za akiba. Zidisha volti kwa mAh, ugawe kwa 1,000: betri ya kamera ya V 7.2 na mAh 2,280 ni Wh 16.4 tu. Kadi na kamera nazo zibaki nawe; begi la mizigo huweza kwenda mji mwingine.

Mashine za ukaguzi uwanjani zinafuta kadi?

Hapana, mionzi hiyo haidhuru memori kadi. Filamu ndiyo ya kuogopea. Mashine mpya za kupiga skani za CT zinaweza kuacha ukungu kwenye filamu hata kwa kupita mara moja, hasa zenye ISO ya juu, na mashine za mizigo ya chini ni kali vilevile. Weka filamu kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, fika mapema, na omba kwa upole ikaguliwe kwa mkono. Wakikataa na safari ni ndefu, nunua filamu huko uendako, uisafishe hukohuko kabla ya kurudi.